Taa Zikigoma Kuinuka: Kweli Gani, Uongo Gani?

Ingia Kamakis, Ruiru, jioni ya Ijumaa na Celica, MR2 au MX-5 ya zamani, washa taa, kisha moja ichomoze na nyingine ibaki imelala. Kabla nyama haijatoka jikoni utakuwa umepewa ushauri wa kutosha kufungua gereji. Mmoja ataapa kwamba mota imeungua. Mwingine ataulizia nyundo. Wa tatu ana binamu huko Makongeni, Thika, aliyemaliza tatizo kama hilo kwa kipande cha waya, ila hasemi gari lenyewe liko wapi siku hizi.

Umeyasikia haya, na huenda umewahi kuyapitisha kwa wengine. Mengine yana ukweli ndani yake. Mengine yatakuchomea gari. Kabla ya kuyapima, tukumbushane jinsi taa hizi zinavyofanya kazi, maana uongo mwingi huanzia hapo.

Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, kila taa ina mota yake ya volti 12. Mota huzungusha gia, gia huzungusha mkono mfupi wa chuma, na mkono huo husukuma fremu ya taa. Nusu mzunguko, taa iko juu. Nusu ya pili, imeshuka. Nyingi huzunguka upande mmoja tu, hazirudi nyuma. Ndani ya mota mna kisahani chenye miguso ya shaba kinachokata umeme taa ikifika mwisho wa safari yake. Ongeza fyuzi, rilei, swichi na waya wa arthi, na umemaliza. Porsche 944 ilikuwa na mota moja ya kuinua taa zote mbili, na Corvette za 1968 hadi 1982 zilitumia mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Lakini ukisimamisha gari la namna hii kwenye barabara ya Thika leo, aghalabu litakuwa la Kijapani, kwa hiyo nitakaa na hayo.

“Taa ikigoma, mota imekufa.”

Uongo, mara nyingi. Mota hufa, sikatai, lakini ndiyo kitu cha mwisho kushuku, kwa sababu ndicho ghali na kigumu kupatikana. Anza na vya bei rahisi.

Swali la kwanza ni hili: zimegoma zote mbili au moja? Zikigoma zote kwa pamoja, ni nadra mota mbili kufa siku moja. Tafuta kitu zinachotumia kwa pamoja: fyuzi, rilei, swichi, au betri iliyochoka. Betri nzima ya volti 12, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma takriban volti 12.6. Ukiona 12.0, usiguse kitu kingine kabla ya kuichaji. Ikigoma moja tu, basi tatizo liko upande wake: soketi ya waya, arthi, mota yenyewe au vifundo vya fremu.

Na hapa ndipo wengi hupotea, kwenye arthi. Mengi ya magari haya yana miaka thelathini na zaidi, na machache yamefika umri huo bila kugongwa mbele na kupigwa rangi upya. Fundi wa bodi anafungua boliti ya arthi, anapuliza rangi nzuri ajabu, kisha anafunga boliti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Balbu ndogo inaweza kuendelea kuwaka kwa kutumia njia nyingine ya kubahatisha, lakini mota inayohitaji umeme mwingi kwa ghafla inabaki ikinung’unika. Mwenye gari ananunua mota, anafunga, na hiyo mpya nayo inanung’unika.

Kipimo chake ni chepesi. Weka mita kwenye volti. Waya mweusi wa mita uguse ncha hasi ya betri, mwekundu uguse waya wa arthi unaotoka kwenye mota, kisha mwenzako abonyeze swichi. Ukisoma sehemu ndogo ya volti, arthi ni nzima. Ikipita nusu volti, umeme unahangaika kurudi nyumbani. Fungua boliti, piga msasa hadi chuma king’ae, paka grisi kidogo, funga. Kama huna mita, kuna njia ya mafundi wa zamani: vuta waya mmoja mnene kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye arthi ya mota. Taa ikiruka juu mara moja, umepata mwizi bila kununua chochote.

“Fundi mzee hahitaji mita, anasikiliza tu.”

Kweli, na ninampa heshima zake. Zima redio, zima injini, washa swichi ya gari, bonyeza kitufe cha taa, halafu sikiliza ukiwa umeinama mbele ya bampa.

Kimya kabisa maana yake umeme haujafika: fyuzi, swichi, au waya uliokatika. Ukisikia “tak” peke yake, rilei imeitika lakini umeme hauvuki, ama kwa sababu miguso yake imeungua, ama arthi ni mbovu, ama mota imekwama. Ukisikia mota ikizunguka kwa furaha na taa haisogei, umeme hauna kosa hata kidogo: gia imelika meno, au nati inayoshika mkono wa chuma imelegea. Gia ya plastiki iliyolika iliwasumbua sana wenye Corvette za 1997 hadi 2004, hata watengenezaji wa spea wakaanza kuuza gia za shaba. Na taa ikipanda na kushuka bila kukoma, kama inayomkonyeza kila mpita njia, shuku kile kisahani cha ndani ya mota, kilichoingia maji au uchafu, au rilei iliyoganda.

Sauti nne, magonjwa manne. Mita huja baadaye kuthibitisha.

“Igonge kidogo, itaamka.”

Nusu kweli. Ndani ya mota mna vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme. Vikiisha, au vikikwama kwa vumbi, mguso hupotea. Ukigonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi huku mwenzako ameshika swichi, kaboni husogea, na taa huinuka. Wanaofanya hivyo kwa stata wanajua vizuri.

Lakini taa ikiinuka baada ya kugongwa, hapo umepata jibu tu, dawa bado. Umejua kwamba kaboni zimeisha. Fundi anayefungua altaneta na stata anaweza kutafuta kaboni za ukubwa unaokaribiana, akazisugua zikakaa, na mota ikaendelea kwa miaka. Anayegonga kila jioni atagonga hadi avunje masikio ya plastiki yanayoshikilia mota, ndipo atakapojua bei ya uvivu. Na nyundo yenyewe iache kwenye boksi.

“Fyuzi ikiungua, weka kubwa zaidi.”

Uongo, na katika orodha hii ndio uongo ninaouchukia zaidi. Una ndugu zake: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, waya wa simu uliosokotwa, na yule binamu wa Makongeni.

Fyuzi ya gari huchaguliwa ukubwa wake kulingana na unene wa waya wake. Fyuzi imewekwa ili iungue kabla waya haujaungua. Mota hizi hupewa fyuzi nono, mara nyingi ya ampea 30. Kwenye Toyota nyingi utaiona kwenye kifuniko cha kisanduku imeandikwa RTR, na kwenye Mazda huandikwa RETRACTOR. Ukiongeza ukubwa, au ukaweka kipande cha waya, fyuzi mpya ya gari lako ni ule waya uliofichwa nyuma ya bampa, karibu na mpira, plastiki na mafuta.

Fyuzi ikiungua mara moja baada ya miaka mingi, badilisha kwa ukubwa ule ule ulioandikwa, uendelee na maisha. Ikiungua tena, kuna sababu, na mara nyingi sababu hiyo haina uhusiano na waya. Mota iliyozuiwa isizunguke hula umeme mwingi kupita kiasi. Kagua kama kuna jiwe lililonasa kwenye kiungo. Kagua kama kifuniko cha taa kinasugua boneti au bampa baada ya kunyooshwa bodi. Utaona mstari unaong’aa pale rangi ilipochubuka. Ondoa umeme, kisha sogeza kila kifundo. Kikiwa kizito kama bawaba ya geti lililoachwa mvuani, hapo ndipo fyuzi zako zinapoishia.

“Badilisha rilei na ile ya honi, utajua.”

Nusu kweli. Ujanja huu umewaokoa wengi kwa taa za kawaida, kwa sababu gari moja huwa na rilei kadhaa zinazofanana. Lakini rilei ya kuinua taa katika magari mengi ya Kijapani ni ya peke yake, ina pini nyingi kuliko ya honi, na haina pacha ndani ya gari. Linganisha namba na mpangilio wa pini. Zikifanana kabisa, badilisha. Zikitofautiana, usilazimishe.

“Magari haya ni ya lami ya Japani. Vumbi letu litayaua.”

Uongo, na ushahidi uko nyumbani. Toyota Celica GT-Four, gari lenye taa za kuchomoza, ilishinda Safari Rally mwaka 1990 ikiendeshwa na Björn Waldegård. Toleo lililofuata, nalo likiwa na taa za namna hiyo, likashinda 1992 na Carlos Sainz, 1993 na Juha Kankkunen, na 1994 na Mkenya mwenzetu Ian Duncan. Waliopita humo wanajua vumbi la Safari lilikuwa vumbi gani, na tope lake tope gani.

Utasema timu ile ilikuwa na mafundi wakilifuata gari kila lilipokwenda. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yenyewe. Vumbi haliui kitu kinachosafishwa na kupakwa grisi. Linaua kilichosahaulika. Barabara za Juja Farm na zile za kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugo hutoa unga laini unaoingia kwenye kila kifundo, na mvua za Machi hadi Mei huugeuza kuwa saruji.

Hapo nakuomba uache pia ile imani nyingine, kwamba oili chafu ya injini inatosha kulainisha. Uongo. Oili iliyotumika huvuta vumbi na kulishika, na baada ya wiki chache una msasa wa majimaji ndani ya vifundo. Mafuta mepesi ya kopo la kupuliza nayo yanafaa kulegeza kutu, kisha yanakauka. Safisha kwanza kwa brashi na petroli kidogo, ukiwa umechomoa fyuzi na injini ikiwa baridi, acha ikauke kabisa, halafu paka grisi nyeupe ya lithiamu.

Na kuosha injini kwa mashine ya presha ili “kutoa vumbi”? Uongo pia. Presha ile inasukuma maji ndani ya soketi ambazo mpira wake umekakamaa kwa uzee. Baada ya miezi michache, fungua soketi uone shaba imeota kijani. Vitambaa na brashi havina haraka, lakini havina madhara.

“Ukiziinua kwa mkono unaziharibu.”

Inategemea unashika wapi. Ukishika kifuniko cha taa na kukivuta juu, ni kweli tupu: gia za ndani hazikubali kusukumwa kinyumenyume, na kitakachokubali kwanza ni jino la gia au kiungo. Ila watengenezaji walijua taa zitagoma siku moja, wakaacha njia. Fungua boneti, tafuta kwenye mota kifuniko kidogo cha mpira mweusi. Chini yake kuna kinobu. Kizungushe kwa vidole kuelekea upande wa mshale kama upo, au upande kinaokubali, na taa itapanda polepole. Ni mizunguko mingi, usikate tamaa mapema.

Jambo moja si la mzaha. Chomoa fyuzi ya kuinua taa kabla hujaingiza mkono. Mota iliyogoma kwa dakika kumi inaweza kuamua kuamka wakati kidole chako kiko kati ya mkono wa chuma na fremu, na haiulizi mwenyewe ni nani.

“Usipozitumia, zinadumu.”

Uongo. Wazee wetu husema gari lisilotembea ndilo huharibika, na kwa taa hizi wako sahihi kabisa. Grisi hukauka, miguso huota ukungu wa kijani, kifundo huganda pale kilipolala. Asubuhi ya Julai, Thika ikiwa na baridi yake, grisi ya miaka ishirini huwa ngumu kama nta, na mota huanza siku ikiwa imeshindwa nusu. Ziinue na kuzishusha angalau mara moja kwa wiki, hata kama huendeshi usiku.

Na kwa kuwa tumegusa matumizi: ni kweli kwamba taa zikiwa juu zinakamata upepo na gari hula mafuta zaidi kwenye mwendo wa kasi. Lakini ni kidogo. Kama unaona tofauti kubwa kwenye kituo cha mafuta, kagua mguu wako wa kulia.

“Zilipigwa marufuku, ndiyo maana hazitengenezwi. Trafiki akikuona umekwisha.”

Uongo, mara mbili. Taa hizi zilianza kwenye Cord 810 ya 1936, ambapo dereva alizungusha vishikio viwili ndani ya gari, kimoja kwa kila taa. Zilishamiri kwa sababu magari ya michezo yalitaka pua ya chini, na Marekani ilikuwa na masharti ya umbo la taa na urefu wake kutoka ardhini. Kuanzia 1983 Marekani ikaruhusu taa za maumbo mengine, teknolojia ya lenzi ikakua, na Ulaya ikaanza kuweka masharti ya kumlinda mtembea kwa miguu anayegongwa na pua ya gari. Kuunda taa ya kuchomoza inayokidhi masharti hayo kukawa ghali na usumbufu. Za mwisho kuuzwa kwa wingi zilikuwa Corvette na Lotus Esprit, zote zikaishia 2004. Hakuna aliyekuja kuzing’oa kwenye magari yaliyokuwa barabarani.

Hapa kwetu, sheria inataka taa zinazowaka gizani. Haijali zinatokea wapi. Askari wa trafiki akikusimamisha pale Ruiru kwa sababu taa moja imelala, hana ugomvi na Mazda. Ana ugomvi na giza la upande wako wa kushoto, na yuko sahihi.

“Spea hazipatikani, liuze tu.”

Nusu kweli. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, na Mazda RX-7, mojawapo ya magari ya mwisho ya Kijapani yenye taa hizi, ilikoma kuundwa 2002. Kwa mkondo wa kawaida wa magari ya Japani, kwa hiyo, hakuna mengine yanayokuja, na magari ya kukatwa spea yanazidi kuwa machache. Hilo ni kweli.

Lakini sheria hiyo inazuia gari kuukuu, haijazuia ufundi. Thika ni mji ambao umekuwa ukiunganisha malori na mabasi tangu miaka ya 1970, na haukosi watu wanaojua kuchonga bushi, kusuka mota na kutengeneza kiungo kutoka kipande cha chuma. Bushi ya plastiki iliyolika kwenye kifundo ni kazi ya mchana mmoja kwa mwenye mashine ya kukereza. Kabla ya kwenda Kirinyaga Road, Nairobi, kusaka mota nzima, mpelekee fundi ile ya zamani aifungue mbele yako. Uone mwenyewe kama ni kaboni, gia au kisahani. Na ukinunua ya mtumba, ijaribu kwa betri palepale dukani kabla pesa haijatoka mfukoni.

“Zikigoma usiku, tumia taa za ukungu ufike nyumbani.”

Uongo. Taa za ukungu humulika chini na karibu. Kwa mwendo wa barabara kuu ya Thika utakuwa umempita mtembea kwa miguu, au umemgonga, kabla hujamwona. Toka barabarani kwenye njia ya kuingilia Ruiru au Juja, simama penye mwanga, washa taa za dharura. Chomoa fyuzi ya kuinua taa, zungusha kinobu hadi taa zote mbili zisimame, kisha iache fyuzi hiyo nje. Katika magari mengi ya Kijapani balbu zina fyuzi zake, kwa hiyo zitawaka kama kawaida, na taa zitabaki juu hadi ufike kwa fundi.